Nani Aliingia Kwenye Seva ya Duka Lako Jana Usiku? Jifunze Kuangalia

PIN yako unailinda vizuri. Hata nyumbani hawaijui. Lakini je, ile kompyuta inayopokea taarifa za malipo ya wateja wako, pasiwadi yake iko na nani?

Kutoka Nyeri mjini hadi Karatina, Othaya, Kerugoya na Nanyuki, biashara nyingi siku hizi zimeunganisha namba ya till au paybill na mfumo wa mauzo. Mteja akilipa, taarifa inafika kwenye seva, bili inafungwa na kijana wa stoo anatoa mzigo. Seva si kitu cha kutisha. Ni kompyuta inayohifadhi rekodi na kuhudumia kompyuta zingine. Yako inaweza kuwa hapo chini ya kaunta, au iwe ya kukodi huko kwenye intaneti.

Fundi aliyekuwekea mfumo huenda yuko Nairobi au Thika. Kukitokea shida hapandi matatu, anaingia kwa mbali kupitia intaneti na kurekebisha. Hiyo ni sawa kabisa. Shida huanza pale fundi amemaliza kazi, au mfanyakazi ameacha kazi, na ule mlango haujafungwa.

Akiingia, anaweza kufanya nini?

Hawezi kutoa pesa kwenye simu yako bila PIN. Lakini anaweza kugusa rekodi. Chukua mfano wa agrovet Karatina. Bili ya mifuko 20 ya mbolea haijalipwa, mtu anaingia usiku na kuiandika "imelipwa", na asubuhi mzigo unatoka. Mfumo unasema sawa, pesa haipo. Pia anaweza kunakili majina na namba za wateja wako, kisha matapeli waanze kuwapigia wakijifanya ni wewe, au ni sisi.

Habari njema ni kwamba kompyuta huandika kila anayeingia. Ni kama kile kitabu cha askari wa geti, ila hiki wengi hawakifungui.

Kama seva yako ni ya Windows

1. Kwenye sehemu ya kutafuta, andika Event Viewer na uifungue.
2. Fungua Applications and Services Logs, kisha Microsoft, kisha Windows, kisha TerminalServices-LocalSessionManager, halafu Operational.
3. Angalia namba za matukio. Namba 21 ni mtu ameingia. Namba 25 ni mtu amerudi kwenye kazi aliyoiacha wazi. Namba 24 ni amekatika, na 23 ni ametoka.
4. Bonyeza tukio moja. Utaona jina la akaunti, saa, na anwani ya IP alikotokea. Ukiona neno LOCAL, huyo alikuwa ameketi mbele ya kompyuta yenyewe.

Ukimaliza hapo, nenda Windows Logs, kisha Security. Namba 4625 ni mtu aliyejaribu akakosea pasiwadi. Moja au mbili ni kawaida, hata wewe hukosea. Mamia mfululizo usiku mmoja maana yake kuna mtu au programu inabahatisha pasiwadi. Na ukikuta namba 1102, simama hapo: hiyo ni alama kwamba mtu alifuta rekodi za Security. Muulize fundi kwa nini.

Kama ni ya Linux

Seva nyingi za kukodi ni hizi. Mwambie fundi aandike amri ya *last* mbele yako. Itatoa orodha ya walioingia, walikotoka na muda waliokaa. Amri ya *sudo lastb* huonyesha waliojaribu wakashindwa.

Usidanganyike na orodha safi

Hapa ndipo wengi huteleza. Kama fundi wako anatumia AnyDesk au TeamViewer, hutamwona kwenye zile namba 21 na 25. Programu hizi zina daftari zake. Ya AnyDesk inaitwa connection_trace.txt, na iko kwenye folda ya AnyDesk ndani ya ProgramData. Ya TeamViewer ni Connections_incoming.txt, kwenye folda ilikowekwa programu. Kwa hivyo swali la kwanza kwa fundi ni: "Wewe huingia kwa njia gani?"

Kuisoma orodha yenyewe

Jiulize mambo matatu.

*Ni nani?* Kila mtu awe na akaunti yake. Kama wote watano mnatumia "admin", rekodi itasema admin aliingia, na hutajua ni yupi.

*Saa ngapi?* Kompyuta ikiandika 02:14, hiyo ni saa nane na dakika kumi na nne usiku, si mchana. Seva ya kukodi nayo mara nyingi hufuata saa za UTC, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Hapo 23:14 ya Jumatatu ni ule usiku wa kuamkia Jumanne kwetu. Hesabu kwanza kabla ya kumlaumu mtu.

*Kutoka wapi?* Anwani inayoanza na 192.168 kwa kawaida ni ya ndani ya mtandao wako, yaani dukani. Zingine nyingi ni za nje. Lakini usitegemee sana tovuti zinazodai kuonyesha mahali: mtu anayetumia bando la simu akiwa Mukurweini anaweza kuonekana yuko Nairobi.

Ukikuta usiyemjua

- Usifute kitu wala kuformati mashine. Bonyeza upande wa kulia wa maus kwenye rekodi, chagua Save All Events As, uhifadhi nakala kwenye flashi.
- Chomoa intaneti ya seva, kisha badilisha pasiwadi zote ukitumia kompyuta nyingine pale inapowezekana. Omba pia funguo mpya za kuunganisha mfumo na malipo.
- Linganisha bili za siku hizo na stetimenti yako ya malipo, moja baada ya nyingine. Stetimenti haiko kwenye seva yako, kwa hivyo aliyeingia huko hakuweza kuibadilisha.
- Ripoti polisi. Chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa, na adhabu inafika faini ya shilingi milioni 5, kifungo cha miaka 3, au vyote viwili.
- Kama taarifa za wateja zimechukuliwa na zinaweza kuwaletea madhara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka umjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue.

Chagua siku moja ya wiki, tuseme Jumatatu asubuhi kabla wateja hawajajaa, na uifanye kazi hii ya dakika kumi. Usingoje, kwa sababu rekodi hizi zikijaa, mpya hufuta za zamani. Na siku fundi au mfanyakazi anapoondoka, funga akaunti yake siku hiyo hiyo, kama vile ungemwomba arudishe ufunguo wa duka.