Kifuniko cha Jua na Joto la Bwawa la Mazoezi ya Tiba

Mgonjwa aliyepata kiharusi, au mtoto mwenye mtindio wa ubongo, anapopelekwa kwenye bwawa la mazoezi ya tiba, faida ya zoezi lake hutegemea sana joto la maji. Kwa kawaida maji hayo huwekwa kati ya nyuzi 33 na 35 za Selsiasi. Yakiwa baridi, misuli iliyokakamaa huzidi kukakamaa, mgonjwa hutetemeka, na zoezi hukatizwa kabla ya wakati. Kupasha maji mengi kiasi hicho kwa umeme ni gharama ambayo vituo vingi haviimudu. Ndiyo maana watu huulizia kifuniko cha jua, yaani plastiki nene yenye vifukofuko vya hewa ielezwayo juu ya maji. Je, kifuniko hicho hupasha maji kweli?

Kwa hakika anayepasha maji ni jua lenyewe, nalo lingeyapasha hata bila kifuniko. Tena, kifuniko hulipunguzia jua nafasi: kile kiangavu kabisa huzuia asilimia 5 hadi 15 ya nishati ya jua, na kile kisichopitisha mwanga huzuia asilimia 20 hadi 40. Faida yake iko kwingine, na anayeijua kazi ya mtungi wa udongo ataielewa upesi. Maji ya mtungini hupoa kwa sababu mtungi hutoa jasho. Maji kidogo hupenya kwenye udongo, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Bwawa lililo wazi ni mtungi mkubwa. Sehemu kubwa ya joto linalopotea kwenye bwawa la nje, takriban asilimia 70, hupotea kwa njia hiyo ya uvukizi.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Chukulia bwawa lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha mita 1.2, hilo lina lita 60,000. Usiku mmoja wa upepo mkavu ukipunguza kina kwa milimita 5 tu, lita 250 zimegeuka mvuke. Joto linalohitajika kuivukiza lita moja ni karibu sawa na lile la kupasha lita 580 kwa nyuzi moja. Kwa hiyo lita hizo 250 huondoka na joto la kutosha kuliteremsha bwawa zima kwa nyuzi 2.4. Kwa upande wa mchana, siku ya jua zuri huleta takriban kilowati-saa 5 kwa kila mita moja ya mraba; hata kama zote zingeingia majini, bwawa hilo lingepanda kwa nyuzi 3.5 hivi. Usiku umenyang'anya theluthi mbili ya pato la mchana, kwa uvukizi peke yake!

Kifuniko huuziba mlango huo. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kuwa kulifunika bwawa huokoa asilimia 50 hadi 70 ya gharama ya kupasha maji. Faida huwa kubwa penye usiku wa baridi na upepo, kama Nairobi, Arusha au Mbeya miezi ya Juni na Julai. Pwani, ambako hewa ya usiku ni ya vuguvugu na yenye unyevu, uvukizi ni mdogo, na faida hupungua vilevile. Kituo chenye kifuniko kimoja cha kuchezea na mikono miwili ya kukivuta basi kianze na usiku: kufunika jioni, mara mgonjwa wa mwisho atokapo majini, ni bora kuliko kufunika mchana na kusahau usiku.

Kifuniko kikikaa juu ya maji yaliyotulia, tabaka la juu hupata joto na la chini hubaki baridi. Kipimajoto kikitumbukizwa juu juu kitasoma nyuzi 34, ilhali miguu ya mgonjwa imo katika maji ya baridi zaidi. Pampu iendeshwe kwanza hadi maji yachanganyike, kisha joto lipimwe kwenye kina cha kifua na cha magoti. Zaidi ya hayo, joto jingi si jema kwa kila mtu: wagonjwa wa moyo huhitaji kibali cha daktari, na mwenye ugonjwa wa sklerosisi anuwai huweza kuishiwa nguvu na kuona ukungu mwili wake upatapo joto.

Klorini nayo hubadilika. Mwanga wa jua huivunja upesi, hivyo bwawa lililofunikwa hutumia dawa kidogo. Anayeendelea kutia kipimo cha zamani atazidisha. Lakini mchanganyiko wa klorini na jasho au mkojo hutoa gesi inayowasha macho na kifua, nayo hunaswa chini ya plastiki. Bwawa lifunuliwe mapema ili gesi itoke, kisha klorini huru ipimwe, isipungue miligramu 1 kwa lita. Maji ya vuguvugu yenye klorini haba ni makao mazuri ya bakteria aina ya Pseudomonas, wanaoleta vipele vya ngozi na maambukizi ya sikio.

Hatari kubwa kuliko zote ni ya kuzama. Kifuniko cha jua hakibebi mtu. Mtoto huona sakafu ya buluu, hukanyaga, plastiki humfunga na kujirudisha juu yake, na aliye kando haoni kitu wala hasikii. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, karibu robo yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa hiyo uzio wenye lango la kujifunga hauna badala, na kifuniko kiondolewe chote kabla mtu yeyote hajaingia majini. Kufunua nusu ili mmoja afanye zoezi upande wa pili hakuruhusiwi, hata akiwa na mhudumu. Kikishaondolewa, kikunjwe kivulini, kwa kuwa plastiki iliyoachwa imekunjwa juani huungua kwa joto lake yenyewe na vifukofuko vyake hupasuka.