SOMO: Taa ya ABS Ikirudi Kuwaka, Tafuteni Chanzo Kabla ya Kununua Spea



Somo hili ni la vikundi vyenye gari la pamoja, hasa gari kuukuu la kupanda milima kama Land Cruiser au Land Rover Discovery. Gari la namna hiyo hushusha mboga kutoka Wundanyi hadi Mwatate na Voi, kisha hurudi na mbolea, au na mgonjwa aliyeruhusiwa hospitalini. Likilala gereji, kazi ya kikundi imelala. Na breki zikikosea kwenye zile kona za kuteremka Wundanyi, hapo ni maisha ya watu.

Ugonjwa wenyewe mnaujua. Taa ya ABS inawaka, fundi anabadilisha sensa, taa inazima. Baada ya wiki mbili inawaka tena, na mweka hazina anatoa pesa tena. Kwa nini?

ABS hufanya kazi gani?

Ukikanyaga breki kwa nguvu kwenye utelezi, gurudumu linaweza kukaza kabisa likawa linateleza tu. Hapo gari halisikii usukani. ABS hulegeza na kukaza breki haraka haraka ili gurudumu liendelee kuzunguka, na dereva aweze kukata kona.

Ili kujua mwendo wa gurudumu, mtambo huo hutumia sensa. Katika magari mengi ya zamani, sensa ni sumaku ndogo iliyozungushiwa waya mwembamba. Mbele yake huzunguka ringi ya chuma yenye meno. Kila jino likipita, umeme kidogo hutokea, na kompyuta ya breki huhesabu. Nafasi kati ya sensa na ringi ni ndogo sana, karibu milimita moja.

Basi kuna sensa, waya, plagi, ringi na beringi. Kimoja kikiharibika, taa inayowaka ni ile ile.

Namba ya kosa si jina la spea

Kompyuta huhifadhi namba ya kosa. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990, 31 ni gurudumu la mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia na 34 nyuma kushoto. Lakini namba hiyo haisemi "nunua sensa". Inasema "angalia upande huu". Ni kama mtoto anayelia usiku: unajua ni nani, hujui anaumwa wapi.

Mambo yanayorudisha kosa

1. Uchafu wa chuma. Sensa ni sumaku, nayo huvuta unga unaosagika kutoka kwenye breki. Huvuta pia mchanga mweusi wenye chuma. Kumbukeni kwamba kule Kishushe watu huchimba madini ya chuma.

2. Waya uliokatika ndani. Hupindwa kila usukani unapokatwa na kila gari linapoingia shimo. Ngozi ya nje ni nzima, kumbe shaba imekatika.

3. Plagi iliyoingia maji baada ya kuvuka korongo au kuoshwa kwa presha. Ndani hushika kutu ya kijani.

4. Beringi iliyolegea. Gurudumu likicheza, ringi huigonga sensa au huiacha mbali. Katika baadhi ya Land Rover za zamani, sensa husukumwa nyuma kidogo kidogo. Ukiweka mpya juu ya beringi mbovu, nayo itasukumwa.

5. Ringi yenye ufa au jino lililovunjika.

Hatua za kupima

Anzeni na zisizo na gharama.

Kwanza, andikeni kwenye daftari la gari taa iliwaka lini, wapi na katika hali gani. Ikiwaka baada ya mvua, shukuni plagi. Ikiwaka mkikata kona, shukuni waya au beringi. Ikiwaka gari likikaribia kusimama, shukuni uchafu, nafasi au ringi.

Pili, angalieni betri na fyuzi. Betri dhaifu nayo inaweza kuwasha taa hiyo.

Tatu, wekeni gari mahali tambarare, zuieni magurudumu kwa mawe, inueni kwa jeki kisha mweke stendi. Msiamini jeki peke yake. Shikeni gurudumu juu na chini, mlitikise. Likicheza, tengenezeni beringi kwanza.

Nne, toeni sensa taratibu bila kuigonga kwa nyundo. Ipanguseni, na vumbi la breki mlifute kwa kitambaa chenye maji, msilipulize. Zungusheni gurudumu mkiangalia ringi jino kwa jino.

Tano, fundi apime sensa kwa mita. Nyingi za aina hii huonyesha kati ya omu 800 na 2,000, lakini kitabu cha gari ndicho hakimu. Alinganishe kushoto na kulia. Kisha atikise waya: namba ikirukaruka, waya umekatika. Mwisho aweke mita kwenye volti za AC na kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sensa nzima itatoa umeme kidogo.

Sita, kama sensa mbili za mbele zinafanana, zibadilishane pande. Kosa likihama nazo, sensa ni mbovu, nunueni. Likibaki pale pale, pesa zenu zimepona: tafuteni kwenye waya, ringi au beringi.

Taa ikiwa bado inawaka

Kwa kawaida breki zinafanya kazi bila ABS, lakini magurudumu yanaweza kukaza. Teremkeni kwa gia ndogo na muache nafasi kubwa mbele. Taa nyekundu ya breki ikiwaka pia, simameni.

Kuna wanaotoa balbu ya taa ili gari lionekane zima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mkinunua gari kuukuu, washeni swichi: taa ya ABS iwake kwa muda mfupi kisha izime. Ikiwa haiwaki kabisa, ulizeni kwa nini kabla ya kulipa.

Maswali ya kujadiliana

1. Je, gari letu lina daftari? Nani analiandika?
2. Mara ya mwisho tuliponunua spea, fundi alitupimia kwanza au alikisia tu?
3. Je, tukubaliane kwamba mweka hazina asitoe pesa za sensa kabla ya kuona vipimo vya pande zote mbili?

Jibuni la tatu kwa azimio, liandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano.