RAMADHANI SIKU YA 12: UKIENDA KUMWONA MZAZI



Ndugu zangu wa msikiti na wote mnaotusoma humu, poleni na swaumu. Darsa la leo halitoki mbali. Linatoka kwenye nyumba moja hapa hapa Busisi, kule chini kuelekea ziwani, ambako shoga yangu alijifungua mtoto wa kiume siku ya nne ya mfungo. Ameniruhusu niyaandike haya ila jina lake nisilitaje.

Nilikwenda kumwona siku ya tisa ya mfungo, baada ya Adhuhuri. Nilibeba bunda la pampasi, maziwa ya kopo na katoni ya maji ya chupa. Nilijiona nimejitahidi. Nikabisha hodi, nikamsalimia mama mkwe wake, "Shikamoo mayu," akaitikia kwa sauti ya mtu aliyefunga na jua limemchosha. Nikaingia chumbani.

Shoga yangu alikuwa ameegemea ukuta, mtoto kifuani. Nikamuuliza umekula nini. Akacheka kidogo, akasema, "Shoga, tangu asubuhi chai ya rangi." Jiko la nyumba ile lilikuwa halijawashwa tangu daku. Watu wote wamefunga, nani apike saa sita mchana? Na yeye anaona haya kuomba. Maji anakunywa akiwa amegeukia ukutani, kana kwamba anaiba.

Sasa sikilizeni jambo la pili. Uani kulikuwa na beseni la futari ya jana. Wageni sita walikuja kwa siku moja, kila mmoja na bakuli lake: viazi vitamu, mihogo, tambi, maharage. Vyote vimefika Magharibi, vyote kwa wakati mmoja, kwenye nyumba ya watu wanne. Kukapambazuka vimeshachacha. Pembeni ya beseni, chupa tupu za maji, maboksi ya juisi na mifuko. Nyumba moja, siku moja: chakula kinamwagwa na mzazi ana njaa.

Hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo. Tukisikia neno mazingira tunafikiria semina na kupanda miti. Mimi naanza na beseni lile.

Kwanza tuweke hukumu sawa, maana haya ya mzazi inatokana na kutojua. Mwanamke aliye kwenye nifasi hafungi. Si kwamba ameruhusiwa kula tu, swaumu yake haisihi na ni haramu kwake kufunga, na wanazuoni wamekubaliana juu ya hilo. Atalipa siku hizo baadaye. Swala hailipi. Kwa hiyo akila mchana wa Ramadhani anafuata amri ya Mola wake kama wewe unavyoifuata kwa kutokula. Nifasi ikikatika na bado ananyonyesha, akiogopa nafsi yake au mtoto, anayo ruhusa pia. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, akila kwa kumhofia mtoto peke yake, analipa na kutoa fidya ya mudd moja ya chakula kwa kila siku. Mwenye hali yake maalumu amuulize sheikh, asimalizie kwangu.

Nendeni sasa kwenye Surat Maryam, aya ya 23 hadi 26. Mwanamke yuko peke yake, uchungu umemshika, ameegemea shina la mtende, na anatamani lau angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Alipewa nini? Kijito cha maji chini yake na tende mbivu zinazoanguka kwa kutikisa shina. Akaambiwa ale, anywe, na jicho lake litulie. Chakula kilimfikia pale pale alipokihitaji, hakikungoja wakati wa watu wengine kula. Nilipokumbuka aya hizo nikalitazama lile bunda langu la pampasi, wallahi nikaona aibu.

Nikavua baibui, nikawasha jiko uani, nikapika uji wa ulezi. Alikunywa vikombe vitatu.

Tuje kwenye zawadi zenyewe. Si unajua zamani za kivuko mtu wa mjini alifikiri mara mbili kabla ya kuja kutazama mtoto: foleni ya Kigongo, kusubiri, kuvuka, halafu wasiwasi wa kurudi. Na humu wamo kina mama wanaokumbuka kungoja kivuko usiku uchungu umeshika. Alhamdulillah. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia alilifungua Daraja la John Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na hii ndiyo Ramadhani yetu ya kwanza nalo. Mtu anatoka Mwanza baada ya Alasiri, anamwona mzazi, anarudi kufuturu kwake. Wageni wameongezeka, na hiyo ni neema. Ila na mizigo imeongezeka, na takataka za mizigo ile hazivuki daraja kurudi mjini. Zinabaki Busisi.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, hilo tumelizoea. Pampasi hakuna aliyetukataza. Lakini pampasi ndani yake ni plastiki na chembechembe za kufyonza mkojo, haiozi sisi wala wajukuu wetu. Mtoto mchanga anaweza kumaliza nane au kumi kwa siku. Kule chini gari la taka halifiki, kwa hiyo zinakwenda wapi? Wengine wanatupa chooni, shimo linajaa kabla ya wakati. Wengine wanachoma, moshi unaingia chumba kile kile cha mtoto. Nyingi zinatupwa korongoni, na mvua ikipiga korongo linapeleka kila kitu ziwani. Ziwa hilo hilo ndilo tunalochota maji ya kunywa, ya udhu, na ya kumwogeshea huyo mtoto.

Mtume (s.a.w.) alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama, na alitahadharisha juu ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini. Kwangu mimi pampasi chafu kwenye korongo linaloshuka ziwani inaingia humo humo, hata kama tumeifunga vizuri kwenye mfuko.

Basi utasema, turudi kwenye nepi za kitambaa. Naam. Khanga iliyochakaa ukiikata inatoa nepi nne laini kuliko za dukani. Lakini hapa kina dada tuwe wakweli. Nani atazifua? Mzazi wa siku tano, mshono haujapona, ainame kwenye beseni? Ukimwambia mzazi aache pampasi halafu ukaaga ukaenda zako, umemtwisha mzigo na kujiwekea thawabu ya maneno. Anayetaka nepi za kitambaa kwenye nyumba ile aje na sabuni yake akunje mikono.

Na ufuaji una adabu yake. Usizipeleke ziwani. Najua ndivyo wengi tulivyolelewa, unasimama ndani ya maji hadi magotini unasugua kwenye jiwe. Kichocho kinaingia kwa ngozi hapo hapo kwenye maji ya ufukweni, na kanda yetu hii ya ziwa ni miongoni mwa sehemu zenye kichocho kingi nchini. Kinyesi cha mtoto nacho hakikosi vijidudu vya kuhara, kwa hiyo unachokisuuza wewe hapa, mwenzako hatua kumi mbele anakichota. Chota maji, panda nayo juu. Kinyesi na maji ya suuzo la kwanza mimina chooni. Halafu fua kwa sabuni, suuza mpaka yatakate, anika juani. Jua letu halina bili.

Usiku, au siku ya kwenda kliniki, pampasi moja haina neno. Sisemi ni haramu, na asitokee mtu kumhutubia mzazi kwamba anaharibu ziwa. Huyo mwache apumzike.

Maji nayo. Wale wageni sita walipofika Alasiri, wote walitawadha kutoka ndoo moja ya lita 20. Ndoo imekwisha. Ile ndoo aliibeba mdogo wake mzazi kichwani kutoka ziwani, naye amefunga. Imesihi kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudd moja, na mudd ni kiasi cha kujaza viganja viwili vya mtu wa kawaida. Pungufu ya lita moja! Sisi kwa lita 20 tumetawadha watu sita, na ni maji ya mzazi. Tawadha kwako kabla hujatoka, au ukifika chota na kikombe.

Na kwa kuwa mtoto ni wa kiume, kuna wepesi ambao wengi hawaujui. Akikukojolea ukiwa umempakata, na bado hajala chochote isipokuwa maziwa wala hajafikisha miaka miwili, unanyunyizia maji yaenee pale palipolowa, na nguo inatosha kuswalia. Ni hadithi ya Ummu Qays. Ya mtoto wa kike inaoshwa, na kinyesi cha wote wawili kinaoshwa. Kwa hiyo usimwombe mwenye nyumba ndoo nzima ya kufulia baibui.

Lile kopo la maziwa nililirudisha dukani siku ile ile. Mwenye duka alinung'unika kidogo, ni haki yake, akanipa unga wa ulezi na sukari badala yake. Mtoto mchanga miezi sita ya kwanza anatosheka na maziwa ya mama peke yake, hata maji hahitaji. Hayana kopo la kutupa wala mkaa wa kuchemshia chupa. Kopo liwe la yule ambaye nesi amemwandikia kwa sababu zake. Anayenyonyesha, mlishe yeye: supu ya sato, dagaa, mboga za majani, uji.

Hapa kwenye jiko nitasema kwa ukali kidogo, mnisamehe. Ile tabia ya kuingiza jiko la mkaa chumbani ili mzazi apate joto, tuiache. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu analala, haamki. Maji ya kumkanda yachemshwe nje, yaingizwe yakiwa tayari. Udi nao upunguzwe, mapafu ya mtoto wa wiki moja si ya kufukizwa. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa jikoni unakaribia kuongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia, ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Msingoje 2034. Bei za zile zawadi sita za jana, tungezichanga pamoja, zingefika mbali kwenye kununua mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6 na kichomeo chake.

Kina baba, najua mnasoma. Aya ya 233 ya Surat Al-Baqara inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha ndiyo hiyo hiyo inayomwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama. Kuleta maji juu ni kazi yako. Una bodaboda, funga madumu mawili nyuma. Na mchana mkeo akila, usimfanye ajifiche.

Tulichofanya baada ya siku ile ni kitu kidogo. Darsa la kina mama tuko 11. Tumechukua daftari la shule, tukaandika zamu mpaka aqiqa na kuendelea. Mwenye zamu anafika saa tano asubuhi, anapika chakula cha mzazi cha mchana, anafua nepi, anaondoka na takataka zake. Hakai kupiga soga mpaka Alasiri. Futari inaletwa na mtu mmoja tu kwa siku, kwenye hotpoti au bakuli la kurudishwa, na wengine wote wanaombwa wasilete. Mgeni wa mjini akitupigia simu kuuliza alete nini, tunamwambia sabuni, unga, au mchango wa mtungi. Leo ni siku ya tatu ya zamu. Jana mayu alituambia beseni la uani limelala tupu.

Juzi amejifungua dada mwingine, huku juu karibu na barabara ya Sengerema, mtoto wa kike. Daftari lake tumelifungua leo. Tumepata watu wa siku zote isipokuwa Alhamisi na Jumapili mchana. Anayeweza ajitokeze leo baada ya Tarawehe, upande wa kina mama, au anitumie ujumbe. Beseni mbili zipo, sabuni ipo. Anatakiwa pia mwanaume mmoja mwenye baiskeli au bodaboda wa kupandisha maji asubuhi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.