Dondoo muhimu: Tikiti maji baridi kwa mvinyo

Kinywaji hiki huandaliwa baada ya mlo, badala ya keki. Kwa glasi 4 utahitaji nusu kilo ya tikiti maji lililomenywa, mililita 250 za mvinyo mweupe, ndimu 1, sukari kijiko 1 na majani ya nanaa.

• Chagua vizuri. Chukua tikiti zito, lenye doa la manjano iliyokolea pale lilipolalia udongo. Doa jeupe ni dalili kwamba lilichumwa changa.

• Gandisha tunda. Toa mbegu, kata vipande vidogo, uviweke kwenye friza kwa saa 4. Usiongeze barafu, kwani ikiyeyuka ladha hupungua.

• Mvinyo uwe na utamu kiasi. Wa Dodoma unafaa. Ukiwa mkavu, ongeza sukari kidogo. Upoze kwenye friji, si friza, maana chupa ikiganda hupasuka.

• Saga kidogo tu. Weka vipande, maji ya ndimu na sukari kwenye blenda, uzime kikiwa kizito na bado kina chengachenga.

• Mvinyo mwishoni. Umimine na ukoroge kwa kijiko. Ukiusaga, povu linajaa.

• Watengee wasiotumia kilevi. Kabla ya kutia mvinyo, chota sehemu ya watoto na wengine, uwatilie juisi ya ukwaju.

• Andaa wageni wakiwa mezani. Kikikaa, maji hujitenga na nyama ya tunda. Pambia nanaa, toa na vijiko.