Asili ya Watu wa Mang'ola

Kila nchi ina watu waliotangulia kukaa humo. Lakini asili yao itajulikanaje, ikiwa wamekwisha kufa na makaburi yao yamesahauliwa?

Huko Marekani wako watu watafutao asili ya Waingereza waliofika Plymouth mwaka 1620 katika merikebu iitwayo Mayflower. Nao wana msaada mkubwa, kwa kuwa makanisa ya Uingereza yaliamriwa mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Mtafutaji hufungua daftari, akaona jina la baba na la kijiji chake.

Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, hapana daftari za zamani namna hiyo. Hata hivyo, wako mashahidi watatu: masimulizi, lugha, na vitu vilivyofukiwa ardhini.

Shahidi wa kwanza ni masimulizi. Wazee wa Kidatoga husimulia kwamba babu zao walilisha ng'ombe Ngorongoro, hata Wamasai wakawafukuza. Mambo hayo yalikuwa katika karne ya 19. Jirani zao huwaita Wamang'ati, nalo ni neno la Kimasai, maana yake adui. Basi jina hilo halionyeshi asili yao. Laonyesha vita vyao tu.

Shahidi wa pili ni lugha. Kidatoga ni ndugu ya Kinandi cha Kenya. Kiiraqw ni ndugu ya Kigorowa, na kwa mbali ni jamaa ya Kisomali. Lakini Kihadza, lugha ya wawindaji wa bonde hilo, kina sauti za vidoko, nacho hakikuonekana kuwa na ndugu hata mmoja aliye hakika. Wataalamu wengine walikiunga na Kisandawe na lugha za kusini mwa Afrika kwa ajili ya vidoko hivyo. Walipochunguza maneno yenyewe, undugu haukuthibitika.

Tena, Wahadza husema itchame, yaani moja, na piye, yaani mbili. Hayo ni maneno yao wenyewe. Lakini tatu ni samaka, neno lililotoka kwa Wadatoga. Na botano, yaani tano, limetoka kwa Wasukuma. Mtu wa haraka akisikia botano atasema, "Kumbe, hawa ni Wabantu!" Amekosea. Neno huazimwa kama jembe, na aliyeazima jembe hawi mtoto wa nyumba ile.

Shahidi wa tatu ni ardhi. Katika pango la Mumba, lililochimbwa mara ya kwanza kabla ya mwaka 1940, zilionekana zana za mawe za watu walioishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Lakini jiwe halisemi mwenye kulichonga alinena lugha gani.

Basi shahidi mmoja hatoshi. Sharti wote wasikilizwe pamoja. Na katika hao watatu, jiwe laweza kungoja, bali mzee hangoji. Mtoto amdharauye Mhadza kwa kuwa hana shamba, au amwachaye babu yake bila kumwuliza majina ya ukoo, amechoma daftari ambayo haina nakala.

Maswali
1. Kwa nini jina Wamang'ati halionyeshi asili ya Wadatoga?
2. Neno botano lafundisha nini?
3. Taja majina ya wazee wa ukoo wako, kuanzia baba, hata mwisho wa ujuzi wako. Nani aweza kukuongezea?