Duka moja, milango mitatu: usiuze rimu moja mara mbili

Leo somo fupi kwa wanaouza vifaa vya ofisi dukani na mtandaoni kwa pamoja.

Nianze na kisa changu. Ofisi moja iliniagiza WhatsApp maboksi 4 ya karatasi za A4. Nikajibu fasta: "Yapo." Kumbe asubuhi hiyo kijana wangu dukani kashauza mawili, mimi sina habari. Ikabidi nikanunue kwa jirani kwa bei ya rejareja. Faida ikaisha, mzigo ukafika jioni wakati wao waliutaka saa nne asubuhi. Mpaka leo hawajarudi.

Kosa halikuwa la WhatsApp. Mauzo ya dukani yalikuwa kwenye daftari, ya mtandaoni yalikuwa kichwani kwangu. Nilichobadilisha ni hiki:

1. Stoo moja, daftari moja. Kila kinachotoka, kiwe cha dukani, Instagram au WhatsApp, kinaandikwa sehemu moja, muda huo huo. Sisi tunatumia Google Sheets, simu yangu na ya kijana zinaona kitu kimoja. Oda ikishalipiwa, mzigo unawekwa pembeni na jina la mteja. Huo hauuzwi tena, hata mtu aje na hela mkononi.

2. Kila mlango na kazi yake. Dukani ni kwa mwenye haraka na anayetaka kalamu moja. Instagram ni ya kuonekana: weka picha na bei, acha mambo ya "njoo inbox". WhatsApp Business ni ya ofisi na shule: weka katalogi na lebo za wateja. Ofisi inataka profoma na risiti ya EFD, kwa hiyo kaa navyo tayari.

3. Usafiri uandike peke yake. Rimu ya A4 ya gramu 80 ina karatasi 500, uzito kama kilo 2.5. Boksi la rimu 5 ni kilo 12 na nusu, maboksi 4 ni kilo 50! Ukisema "tunaleta bure" bila kupiga hesabu, bodaboda anakula faida yako yote.

4. Usiseme "ipo" kabla hujaangalia. Andika: "Naangalia stoo, nakujibu ndani ya dakika 5." Mteja atasubiri dakika 5. Akishadanganywa, hasubiri tena.

Kama uko peke yako, anza na milango miwili tu, ukiimudu ongeza wa tatu.

Wewe mauzo yako unayaandika wapi? Niambie hapo chini.