Herufi za Kituruki katika Fonti ya Kujitengenezea: Suala la Irabu Saba katika Maandishi ya Ushirombo na Jirani Zake

1.0 Utangulizi

Mwaka 1898, katika jarida la Zeitschrift für afrikanische und oceanische Sprachen lililokuwa likitolewa Berlin, ilichapishwa sarufi ya Padri A. Capus iitwayo Grammaire de Shisumbwa. Miaka mia moja na kumi baadaye, yaani mwaka 2008, Kulikoyela Kahigi alitoa msamiati wa lugha hiyohiyo, naye akaiita Sisumbwa. Iwe chanzo cha tofauti hiyo ni matamshi ya mahali au mazoea ya mwandishi, nyuma yake limo swali ambalo kila anayeandika lugha isiyo na mapokeo marefu ya uchapaji hana budi kulijibu: sauti ipi ipewe herufi yake, na herufi hiyo itoke wapi.

Ushirombo ni mahali panapofaa kuliangalia swali hilo. Mji huu, ulio makao makuu ya Wilaya ya Bukombe na uliokuwa katika Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoanzishwa mwaka 2012, umo katika nchi ya Wasumbwa. Wafugaji wa Kisukuma wamehamia humo, Unyamwezi u jirani kwa upande wa kusini, na dhahabu ya Geita huleta watu wa kila kabila. Anayetaka kuandaa vitabu vya lugha za eneo hili kwa kompyuta hukuta upesi kwamba fonti aliyonayo haimtoshi. Programu kama FontForge, ambayo haiuzwi, humwezesha kujitengenezea fonti yake. Makala haya yanadai kwamba ugumu wa kazi hiyo haumo katika kuchora herufi, bali katika kuamua herufi ni kitu gani. Na kwamba Kituruki, ijapokuwa hakina unasaba wowote na lugha za Kibantu, kinatoa mfano ulio wazi kuliko yote.

2.0 Irabu zinazohitaji herufi

Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma na Kinyamwezi zina saba, kama inavyokisiwa kwa Mame-Bantu. Kiswahili kiliziunganisha irabu za juu, lakini kilihifadhi athari zake katika konsonanti. Vitenzi -lima na -zima hutofautiana leo kwa konsonanti ya kwanza, ilhali katika Mame-Bantu vilitofautishwa kwa irabu: *-dɪm- na *-dim-. Hali ni hiyohiyo kwa -tuma na -fuma, kutokana na *-tʊm- na *-tum-. Kwa hiyo anayesema kwamba Kisukuma kinaweza kuandikwa kwa irabu tano "kama Kiswahili" amesahau kwamba Kiswahili kilikwisha kulipa gharama ya upungufu huo kwa njia nyingine.

Jambo lisilozingatiwa vya kutosha ni kwamba irabu hizi si adimu hata kidogo. Katika Kinyamwezi, kama kilivyoelezwa na Maganga na Schadeberg (1992), zimo katika viambishi vya ngeli vyenyewe: mʊ-, mɪ-, kɪ-, lʊ-, bʊ-, kʊ-. Kila kitenzi-jina huanza na kʊ-. Maana yake ni kwamba herufi inayoitwa ya "pekee" ndiyo itakayopigwa mara nyingi zaidi, na kuiweka mahali panapohitaji vidole vitatu ni kumwadhibu mchapaji katika kila neno. Baadhi ya waandishi hupendelea ɨ na ʉ badala ya ɪ na ʊ. Alama hizo zenye mstari ziliweza hata kupatikana kwa taipureta: mchapaji alipiga i, akarudi nyuma hatua moja, kisha akapiga kistari juu yake.

Si kila sauti inayodai herufi mpya. Sauti ambayo Kituruki huiandika ş, Kiswahili huiandika sh bila taabu yoyote, na ng' nayo imezoeleka, ingawa programu za kuandikia zina tabia mbaya ya kuikunja ile alama ya ritifaa na kuifanya alama ya kufungia nukuu.

3.0 Funzo la Kituruki

Uturuki iliacha hati ya Kiarabu na kupokea alfabeti ya Kilatini yenye herufi 29 kwa sheria ya tarehe 1 Novemba 1928. Irabu zake ni nane, na kila moja ina herufi yake. Kwamba alama ndogo si pambo huonekana katika jozi kama oldu, "ilikuwa", na öldü, "alikufa". Au kir, "uchafu", na kır, "mashamba". Katika jozi hii ya pili nukta peke yake ndiyo inayobeba maana. Kwa sababu hiyo alfabeti hiyo ilihitaji herufi kubwa mbili pia: i hukuzwa kuwa İ, na ı hukuzwa kuwa I.

Kompyuta hazikuwa tayari kwa mpango huo. Katika jedwali la msimbo la ISO 8859-9 la mwaka 1989, Kituruki kilipewa nafasi sita zilizokuwa za Kiaislandi katika jedwali la Latin-1: Ğ, İ na Ş, pamoja na ğ, ı na ş, zilikaa mahali pa Ð, Ý, Þ na ndogo zake. Matokeo yake yanajulikana: maandishi ya Kituruki yakifunguliwa kwa jedwali la zamani, kır husomeka kýr. Hitilafu nyingine imejificha zaidi. İ ilikaa nafasi ya 221 na ı nafasi ya 253, kama walivyokaa Ý na ý. Programu iliyozoea kuongeza 32 ili kupata herufi ndogo itaigeuza İ kuwa ı, na kwa Mturuki hilo ni kosa, maana hizo mbili si jozi.

4.0 Kishawishi cha kuazima

Mtengenezaji wa fonti aliyekwisha kuongeza herufi za Kituruki hukabiliwa na kishawishi. Umbo la ɪ, likichorwa bila vikia vya juu na chini, halitofautiani na ı. Kwa nini basi asiitumie ı ya Kituruki kwa irabu ya Kisukuma? Sauti ni tofauti, lakini hilo si kizuizi; herufi c husomwa kwa namna nyingi duniani. Kizuizi kimo katika herufi kubwa. Neno likiandikwa kwa ukubwa, i na ı zote zitakuwa I, na tofauti iliyotafutwa itapotea katika kila kichwa cha habari na kila jalada la kitabu. Anayeiazima ı hana budi kuiazima na İ, na kompyuta yake ajue kwamba anaandika kwa kanuni za Kituruki. Jambo litakaloharibu Kiswahili kilichomo katika ukurasa uleule.

Herufi ɨ haina kasoro hiyo, kwani ina Ɨ yake. Katika uchoraji, mstari usiwe mrefu mno: i ni nyembamba, na mstari ukizidi utagusana na mkono wa t iliyo jirani. Upana wa herufi yenyewe ndio uongezwe. Linabaki suala la toni. Kisukuma ni lugha ya toni, kama Richardson alivyoonyesha mwaka 1959, na mwanaisimu atataka kuweka alama ya toni juu ya ɨ. Hapo nukta hutoka ili kuipisha alama. Fonti basi inahitaji umbo la ɨ lisilo na nukta, sawa na linavyohitajika umbo la ı katika kuunda í. Lakini ı hiyo ya kuundia ni umbo saidizi tu; ile ya kır ni herufi. Macho hayawezi kuzitenganisha. Ni mfumo wa lugha unaozitenganisha, na fonti isiyotambua hilo itakosea palepale inapoonekana nzuri.

5.0 Msimbo na uhai wa maandishi

Njia iliyokuwa rahisi katika miaka ya 1990 ilikuwa kufuta herufi isiyotumika na kuchora nyingine mahali pake, mathalani ɨ juu ya ð na ʉ juu ya þ. Aliyechagua hizo alichagua vizuri kuliko aliyechukua alama za nukuu, kwa sababu Ð na Þ zilimpa jozi kamili za herufi kubwa na ndogo. Hata hivyo, yaliyohifadhiwa ndani ya faili ni herufi za Kiaislandi. Fonti ikipotea, kiambishi kʉ- hurudi kuwa kþ-, na ngano zilizonukuliwa kwa jasho huhitaji mtu anayekumbuka ni nini kilichorwa juu ya nini. Faili za namna hiyo zinaweza kuokolewa kwa jedwali la ubadilishaji, iwapo jedwali liliandikwa na kuwekwa pamoja na mswada.

Unicode imezipa herufi hizi nafasi zake zenyewe: ɨ ni U+0268, Ɨ ni U+0197, ʉ ni U+0289. Lakini Ʉ, U+0244, iliingizwa mwaka 2006 tu, katika toleo la 5.0, na herufi kubwa ya ɪ, U+A7AE, ilisubiri hadi mwaka 2016. Kabla ya hapo, sentensi iliyoanza kwa kiambishi cha nafsi ya pili umoja, ʉ-, haikuwa na herufi kubwa iliyokubalika ya kuianzia. Fonti nyingi zilizochorwa kabla ya tarehe hizo bado zinatumika, na mtengenezaji wa Ushirombo atakayeanza kwa kunakili mojawapo hana budi kuzichora herufi hizo mbili kwa mkono wake.